Namba Kwenye Pembe ya Picha

9 Januari

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, ukimtoa Mama, ambaye anasema magoti yake sasa yamekuwa watumishi wa serikali: yanaanza kazi saa nne, saa sita yamefunga ofisi. Anayasema hayo akinitazama mimi. Paa la chumba chako cha zamani tumelibadilisha. Jirani yetu Filimbi bado ni mhudumu wa mabehewa ya kulala, kila wiki anavuka mto kuja huko uliko na kurudi, na bado anapiga mluzi mpaka mbwa wa mtaa mzima wanamjibu. Mume wangu anakusalimu, anasema shemeji yake ana deni la mchezo mmoja wa karata.

Barua yako ya Oktoba ilifika Desemba, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi mbichi. Aliyeisoma asante, nadhani sasa anaijua familia yetu vizuri. Tangu hapo, kimya. Mama anauliza kila siku, mimi nabuni majibu, na unajua mimi si hodari wa kubuni.

Kazini taipu yangu haipoi. Redio umeisikia, kwa hiyo sisemi geni: serikali yetu imeamua kuzunguka dunia nzima kuomba mataifa yaache kufanya biashara na serikali ya ubaguzi huko. Ninayoyachapa mimi hubaki ndani ya chumba, niliapa hivyo nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nisemalo ni moja tu, nalo ni la dada na si la ofisi. Njoo utusalimu pamoja na mke wako kabla ya mwezi wa nne. Mama anataka kumwona wifi yangu. Usiniulize kwa nini kabla ya mwezi wa nne.

Dada yako.

4 Februari

Dada yangu,

Barua imefika, na msomaji wetu wa katikati safari hii ameifunga vizuri zaidi. Magoti ya Mama nimeyacheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini, nikashindwa kumtafsiria. Mwambie Mama ajiandae kuwa bibi. Ndiyo. Miezi mitano na nusu. Mke wangu anakula mkaa wa jiko nikigeuka, anadhani sioni meno yake.

Kwa hiyo kuja hatuji. Mimi nina pasi ya nyumbani, yeye ni wa hapa, na serikali yake haimpi hata karatasi ya kuvuka mtaa, sembuse mto. Nikienda peke yangu wanaweza kunifungia mlango nyuma. Huniambii kwa nini, nami sikuulizi, ila tarehe hazibadilishi tumbo.

Kazi ni ileile. Miaka tisa ndani ya chumba cha giza nasafisha picha za eksirei, na kwenye karatasi zao bado ni “msaidizi”. Kijana wao niliyemfundisha mimi kutofautisha mbavu na ufa ndiye anaitwa fundi. Mwenzangu ni mama mmoja wa rejesta, tunamwita Mama Kalamu, mtu wa hapahapa, anaandika jina, tarehe na sababu ya kila mgonjwa. Saa nne tunagawana mkate. Siku hizi ana kazi nyingi. Watu wa mji huu wanaanguka sana ngazini. Sijui ngazi za huku zimeota meno.

Kuhusu hiyo redio yenu: mkikata biashara, dada, nani ataanza kukosa unga? Bwana mkubwa mwenye friji tatu, au mimi? Tembo wakipigana tunajua habari ya nyasi. Nauliza tu. Msomaji wetu pia atapenda kujua jibu.

Mdogo wako.

20 Februari
Kwa mkono wa Filimbi

Mdogo wangu,

Hii haipiti posta, Filimbi ameiweka ndani ya foronya ya kitanda namba sita. Ukishaisoma ichome, na majivu yamwagie maji.

Hongera kwanza. Mama alisimama bila fimbo, akaenda kufua shuka ambazo hazikuwa chafu. Basi ujue amefurahi.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu Mkurugenzi wa ofisi yetu aliniita. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, kalamu zake amezipanga kwa urefu. Akaniuliza, “Ndugu yako yuko hospitali gani?” Sijawahi kumtajia ndugu. Nilipomwambia, akanieleza. Mwezi wa tano kuna mkutano mkubwa. Ujumbe wetu utataka mataifa yapige kura ya vikwazo: mafuta, silaha, ndege. Wakubwa wanaofanya biashara na hiyo serikali wanasema habari za mateso gerezani ni maneno ya redio, tulete ushahidi. Na Mkurugenzi anajua kwamba wafungwa wa polisi wakivunjwa hupelekwa kupigwa picha kwenu.

Alisema, “Nchi yetu haina jeshi la kumtisha mtu. Ina neno lake tu. Lazima neno hilo liwe na mfupa ndani.”

Anataka nikuombe. Nimemwambia hapana. Sikuombi. Nakueleza kwamba nimeombwa nikuombe, na kwamba nimekataa, ili akija mtu mwingine kwa jina langu umjue ni mwongo. Una mke mjamzito. Safisha picha, rudi nyumbani, kula mkaa pamoja naye.

Dada.

15 Machi

Dada yangu mpendwa,

Mimi na mke wangu hatujambo. Hali ya hewa ni nzuri. Kazini wamehesabu makabati yote na kubadili kufuli, ni utaratibu wa kawaida. Sina habari nyingine. Msalimie Mama.

Mdogo wako.

28 Machi
Kwa mkono wa Filimbi

Dada,

Barua ile ya posta niliiandika fundi yule kijana akiwa amesimama nyuma yangu. Nisamehe kwa kukutisha. Najua ulitishika, mimi kuandika mistari minne ni kama Mama kumaliza salamu kwa dakika moja.

Ulikataa kuniomba. Umechelewa, dada. Mimi nilianza miaka miwili iliyopita, bila kuombwa na mtu.

Aliletwa mwalimu mmoja wa kike, mkono umevunjika mara mbili pahala pamoja, kama unavyovunja ukuni uliokataa mara ya kwanza. Polisi wawili mlangoni. Mama Kalamu akauliza sababu, polisi akasema, “Andika ngazini.” Akaandika. Nilipomwekea yule mwalimu aproni ya risasi, ile ya kuzuia miale, alininong'oneza, “Jengo lao halina ngazi.” Basi. Jumapili yake nilipita kwa miguu mbele ya jengo la polisi, nikalizunguka kama mtu anayetafuta choo. Ni nyumba ya chini, dada. Hata kizingiti hakuna, wamesawazisha saruji ili magari yaingie.

Tangu siku hiyo, picha ya kila aliyeanguka ngazini nasafisha nakala mbili. Nilikuwa sijui nazifanyia nini. Ninazo tisa. Anayenipa nafasi ni Mama Kalamu: hajawahi kuniuliza kitu, lakini siku za picha hizo huandika polepole sana, mpaka nimalize.

Filimbi amezishonea ndani ya godoro jembamba la behewa. Mpe Mkurugenzi wako. Nimeyafikiria niliyosema kuhusu unga, nami bado naamini tutakosa unga. Mke wangu aliposikia akasema, “Njaa tunaijua. Afadhali njaa yenye sababu.”

Sharti langu ni moja, na hili usilipitie juu juu. Kila picha ina namba kwenye pembe ya juu, kulia. Namba hiyo ni hospitali, siku na zamu. Mwenye rejesta akiiona anajua ni nani alikuwa chumbani: mimi, na Mama Kalamu. Kata pembe hizo kabla mtu yeyote hajaziona. Mifupa inatosha, mifupa inajieleza.

Niandikie kwamba umekata. Nikisoma hivyo nitalala.

Mdogo wako.

12 Aprili
Kwa mkono wa Filimbi

Mdogo wangu,

Zimefika zote tisa. Mama hajambo, ameanza kufuma kofia ndogo, ya tatu sasa, kana kwamba mtoto atakuja na vichwa kadhaa.

Pembe nimezikata. Nilitumia mkasi wa ofisini, moja moja, vipande nikavichoma kwenye jiko la chai. Kwa hiyo ondoa wasiwasi kuhusu hilo.

Lakini uondoke. Sasa nitakuambia kitu ambacho kikijulikana nitafungwa, na nimekifikiria siku nne nzima. Mwisho wa mwezi huu serikali itakata kila kitu kwa siku moja: treni, posta, simu. Treni ya mwisho kutoka huku ni tarehe ishirini na nane, na itarudi tarehe thelathini. Baada ya hapo daraja litafungwa. Raia wetu walioko huko watatangaziwa siku mbili tu kabla. Wewe nakutangazia leo. Panda treni yoyote kabla ya thelathini. Mlete wifi hata kwa kumlaza chini ya kitanda namba sita, Filimbi amekubali.

Tafadhali. Siku zote nilikuwa nakuamuru, leo nakusihi.

Dada.

23 Aprili
Kwa mkono wa Filimbi

Dada yangu,

Kwanza asante. Najua ulivyo na kiapo chako, nilikuwa mtoto nilipokuona ukikikariri mbele ya kioo. Kunitajia tarehe lilikuwa jambo zito kuliko yote uliyowahi kunitendea, na uliwahi kunibeba mgongoni kwenda zahanati.

Sisi hatuji. Nisikilize kabla hujakasirika. Tumbo liko mwezi wa nane. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, asitikiswe. Na polisi wa mpakani siku hizi wanachoma magodoro kwa vyuma virefu, Filimbi mwenyewe kakiri. Siwezi kumlaza mke wangu mahali panapochomwa chuma.

Kama ningekuwa hatarini ningefikiri vingine. Lakini pembe umezikata, kwa hiyo hakuna namba, na bila namba mimi ni msaidizi tu anayenuka dawa. Nitasubiri mtoto azaliwe, tupumue, kisha tutatafuta njia ya kuzunguka, kwa nchi ya tatu. Treni ikikatwa, ikatwe. Juzi redio ilipodokeza habari za vikwazo wagonjwa wa wodi ya wanaume walipiga makofi chini ya shuka. Ungesikia. Kama mvua kwenye nyasi.

Mwambie Mama kofia tatu zinatosha.

Mdogo wako.

28 Aprili
Kwa mkono wa Filimbi, safari yake ya mwisho

Sikukata.

Nilikudanganya. Nakuandikia nimesimama, Filimbi anafunga kamba za viatu mlangoni. Nilizipeleka kwa Mkurugenzi nikiwa na mkasi mfukoni, nikamwambia sharti lako. Akainua picha ya yule mwalimu dirishani. Akasema, “Bila namba huu ni mfupa wa mtu yeyote. Watasema tumeupiga picha hapa mtaani kwetu. Ukikata pembe, umekata ushahidi.” Kisha akasema uamuzi ni wangu, akatoka, akaniacha nazo. Nusu saa nzima. Mkasi niliushika. Nikawaza wale tisa, nikawaza wewe, nikawaza kwamba nikikuambia tarehe utaondoka kabla ya mkutano, hivyo yote mawili yatawezekana. Nikaurudisha mkasi mfukoni. Nikakuandikia nimekata kwa sababu niliona aibu.

Ameahidi kwamba picha zikitundikwa ukutani mkutanoni, namba zitafunikwa kwa karatasi. Mimi siamini karatasi.

Mkutano unafunguliwa tarehe sita Mei. Ondoka hapo kazini na hapo nyumbani kabla ya siku hiyo, wewe na Mama Kalamu, mwambie leo hii. Usingoje mtoto. Nichukie ukiwa njiani.

18 Mei

Mdogo wangu,

Naandika barua isiyo na njia. Niliyotuma posta tarehe nne imerudi na mhuri mwekundu: huduma imesitishwa. Maneno ya mhuri huo niliyachapa mimi.

Filimbi alirudi tarehe thelathini. Anasema hakukukuta, ulikuwa zamu, na geti la hospitali lilikuwa na askari, kwa hiyo barua alimpa wifi mkononi, na kwa kuwa hasomi lugha yetu alimwambia kwa mdomo: pembe hazikukatwa, mume wako aondoke. Anasema hakupiga ukelele, alikunja barua, akavaa viatu. Zaidi ya hapo hajui. Siku hizi anakaa barazani kwake, treni hakuna na kazi hakuna, na mluzi ameacha. Karakana ya reli imepunguza watu, mume wangu bado yumo, kwa siku tatu za wiki. Vipuri vya mashine ya unga vilikuwa vinatoka huko, kwa hiyo foleni ya unga sasa inazunguka kona. Ulisema.

Mkutano niliufuata kwa simu za maandishi zilizokuwa zinaingia mezani kwangu. Siku mbili za kwanza namba zilifunikwa. Siku ya tatu mjumbe wa taifa moja kubwa akasimama, akasema kwa adabu kabisa kwamba mfupa hauna uraia. Ndipo balozi wetu akaenda ukutani, akabandua karatasi, moja baada ya nyingine, akazisoma namba kwa sauti, akasema, “Waombeni wafungue rejesta yao.” Kura ikapigwa jioni. Silaha na mafuta zimepita, ndege zimekwama. Yule mjumbe wa adabu aliunga mkono.

Ofisini walipeana mikono. Mkurugenzi alikuja mezani kwangu, hakunipa mkono, aliweka kikombe cha chai akaondoka. Kesho yake gazeti likazitoa picha, kubwa, namba zinasomeka hata bila miwani. Na redio ya huko ikasema wanamtafuta mwizi wa mali ya hospitali.

Mama anauliza. Namwambia posta imefungwa. Hilo ni kweli, na ndilo ninalojificha nyuma yake.

29 Julai

Dada,

Niko hai. Niko nchi ya tatu, kambini, hema namba arobaini na moja, upande wa kisima. Barua zinatoka hapa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ukiisoma hii itakuwa imezeeka.

Nieleze kwa mpangilio, kwa sababu nikianza na hasira sitamaliza.

Tarehe ishirini na tisa Aprili mke wangu alikuja hospitali kwa miguu, akapanga foleni ya wajawazito. Askari hakumtazama mara mbili. Alipofika kwangu nikafunga mlango wa chumba cha giza, akaniambia yale ya Filimbi. Nikamwambia twende wote sasa hivi. Akasema, “Watakutafuta wewe. Mimi nikikimbia nazaa porini. Nikikaa, mimi ni mwanamke aliyeachwa na mume, wako wengi, hakuna anayewahesabu.” Tukabishana kwa kunong'ona, huku picha ya mtu mwingine inaiva kwenye beseni. Alishinda. Siku zote hushinda.

Nilimpitia Mama Kalamu, nikamwambia waziwazi: namba zinaonekana, tuondoke. Alikuwa anachonga penseli. Akasema ana mama mgonjwa na wajukuu watatu, hana pa kwenda. Kisha akasema, “Wakija nitawaambia umepumzika, una homa. Utapata siku mbili.” Nikamwacha hapo. Hilo nilifanya mimi, si wewe, nalibeba mwenyewe.

Nilipanda lori la ngozi za ng'ombe mpaka lilipoishia, halafu miguu. Siku nane. Polisi walifika hospitali tarehe tisa Mei, siku moja baada ya balozi wenu kubandua karatasi zake. Mama Kalamu aliwaambia nina homa. Zile siku mbili alizoniahidi sikuzihitaji tena, nilikuwa nimeshavuka, lakini yeye hakujua, akazitoa hivyo hivyo. Wamemchukua. Rejesta ilikuwa na mwandiko wake, “ngazini, ngazini, ngazini”, wakamwuliza kwa nini siku hizo tu mwandiko umetulia, kama wa mtu anayevuta muda. Mpaka leo hajulikani alipo. Haya nimeyapata kwa mtu aliyevuka mwezi uliopita.

Mke wangu walimshika siku tisa, wakamwachia. Alizaa wiki moja baadaye. Msichana. Yuko hai, ana sauti. Simjui uso.

Sasa hasira, na nitaiandika fupi. Ungeniambia kweli tarehe kumi na mbili, ningekuwa na siku kumi na nane. Siku kumi na nane zinatosha kumtafutia mama mmoja mzee na wajukuu watatu mahali. Ulikuwa na haki ya kuchagua vibaya. Hukuwa na haki ya kunificha kwamba umechagua.

Sijui nikuite nani leo. Msalimie Mama.

10 Septemba

Mdogo wangu,

Nimepokea. Sijitetei. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea, na sijapata sentensi ya kubishia.

Mama nimemwambia yote, jikoni, nikiwa namenya viazi ili nisimtazame. Alisikiliza. Mwishoni akauliza, “Yule mama wa rejesta ana watoto?” Nikasema ana wajukuu watatu. Akasema, “Basi usilale kabla hujajua wanakula wapi.” Kisha akachukua kisu mkononi mwangu akamalizia viazi, na mpaka leo anazungumza nami kuhusu viazi tu, na chumvi, na mlango uliobaki wazi.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nilimwambia nilikutajia tarehe, nikaweka barua ya kujiuzulu mezani. Akauliza kwa nini namwambia wakati hakuna aliyeuliza. Nikamwambia nimechoka kuwa mtu ambaye maneno yake lazima yakaguliwe pembe. Barua ameipokea. Kesi hajafungua, lakini hakuahidi kwamba hatafungua, nami sikumwomba. Taipu yangu sasa anaitumia binti mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu.

Kabla sijatoka nilimwomba kitu kimoja tu, jina la Mama Kalamu liingizwe kwenye orodha ya wafungwa ambao serikali yetu itawadai kwenye mkutano ujao. Limeingizwa, la kumi na nne. Nililiandika kwa mkono wangu, siku yangu ya mwisho. Wajukuu wake, shirika moja la misaada limewapata kwa shangazi yao. Wanakula. Sisemi hili ili linifutie kitu.

Mkurugenzi amekuandikia mwenyewe. Barua yake imo ndani, imefungwa, sijaisoma. Najua anachotaka: picha zimezungumza, sasa wanamtaka mtu asimame. Sina neno juu ya hilo. Jibu lolote utakalotoa, sitakuuliza kwa nini.

Kura ya ndege itarudiwa Januari.

Dada yako, ukipenda kuniita hivyo.

21 Novemba

Dada,

Nimeanza na neno hilo, basi ujue.

Mke wangu amevuka. Alikuja tarehe tatu na kundi la wanawake waliojifanya wanakwenda kuvuna, mtoto mgongoni, kamfunika kwa gunia la mahindi. Nilikuwa kisimani na ndoo. Aliniita kwa jina nililodhani nimelisahau, kisha akanigeuzia mgongo nimwone mtoto. Ana paji la uso la Mama. Ananitazama kwa dharau kama mtu anayedai maelezo, nami nampa, kidogo kidogo. Jina bado. Mke wangu anataka la yule mama wa rejesta, mimi nasema tungoje tujue kama ni la mtu aliye hai.

Nilimsomea mke wangu barua zako zote, zile nilizochoma nikizitoa kichwani, nikimtafsiria. Ilichukua siku mbili. Alipomaliza kusikiliza alisema angefanya kama wewe: angeacha namba. Nikamwuliza, na uongo je? Akafikiri, akasema uongo asingeuandika, kwa sababu yeye hajui kuandika. Tulicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Aprili. Lakini sikubaliani naye, na sijui kama nitakubaliana.

Unga hapa kambini haba. Wanaotoka kule wanasema kule ni haba zaidi, na mafuta yamepungua, na bwana mkubwa sasa anaendesha gari moja badala ya tatu. Watu wanateseka, dada. Niliwauliza kumi, mmoja mmoja, kama vikwazo viondolewe. Wawili walisema ndiyo. Mmoja wao ana mtoto mgonjwa, na sikuwa na uso wa kumpinga. Wanane walisema vizidi. Nitauambia mkutano majibu ya wote kumi, pamoja na ya wawili hao.

Ndiyo, nitasimama. Nimemjibu Mkurugenzi wako, kwa masharti yangu, na safari hii masharti nimeyapeleka mwenyewe. Nitasema jina langu. Nitasema hospitali na zamu. Nitaeleza jengo lisilo na ngazi. Wakiniuliza namba zilifikaje ukutani, nitasema kweli, na ndani yake umo wewe. Nakuarifu mapema ili usiisikie kwa redio.

Nitapita hapo nyumbani tarehe saba Januari nikielekea mkutanoni, siku moja tu, mke wangu na mtoto pia. Mwambie Mama. Wewe uwepo. Yale mengine sitayaandika, barua zimetuponza vya kutosha. Tutakaa kiti kwa kiti, nitasema, utasema, na mmoja wetu akitaka kutoka nje atoke, lakini arudi.

Mdogo wako.